Hitilafu Inayokuja na Kuondoka: Namna ya Kuinasa, Kuirudia na Kuiripoti

Hitilafu ya kudumu haina mjadala. Ukibonyeza inakataa, fundi akibonyeza inakataa, basi kazi inaanza. Inayochosha ni ile inayotokea Jumatatu, ikapotea hadi Alhamisi, na ukiifikisha kwa fundi pale Luthuli Avenue, Nairobi, programu inakimbia kana kwamba haijawahi kukusumbua. Ukiwaandikia watengenezaji, jibu linarudi: tumejaribu, kwetu haitokei. Ripoti inafungwa.

Kazi yangu ni kusoma ripoti za namna hiyo kabla hazijawafikia waandishi wa programu, na neno ninalokutana nalo kuliko yote ni "ovyo". Inajizima ovyo, inakataa ovyo. Mara nyingi si ovyo hata kidogo. Kuna sharti ambalo mtumiaji halioni: mtandao, tarehe, kasi ya vidole, nafasi iliyobaki kwenye simu, seva (kompyuta ya mbali inayojibu programu) aliyoangukia. Naye huandika mara zilizoharibika peke yake, ilhali sharti hilo hufichuka ukilinganisha mara zilizoharibika na mara zilizokwenda sawa. Ripoti inayosema "imekataa mara nne" hainifikishi mbali. Inayosema "imekataa mara nne nikiwa kwenye bando, imekubali mara tisa nikiwa kwenye waifai" imeshanionyesha pa kuchimba.

Hili halihitaji ujuzi wa kuandika programu. Mashine ya Therac-25, iliyotengenezwa na kampuni ya AECL ya Kanada kwa ajili ya kutibu saratani kwa mionzi, iliwapiga wagonjwa sita mionzi iliyozidi kipimo kati ya 1985 na 1987, na baadhi yao wakafa. Ajali mbili kati ya hizo zilitokea mwaka 1986 katika hospitali moja mjini Tyler, Texas. Baada ya ile ya kwanza, wahandisi wa kampuni walifika, wakajaribu, wakashindwa kuirudia, na mashine ikarudishwa kazini. Wiki tatu baadaye ikaunguza mgonjwa mwingine. Safari hii mwanafizikia wa hospitali, Fritz Hager, aliketi na mwendeshaji wa mashine, ambaye alikumbuka vizuri alichobonyeza, wakarudia hatua zile tena na tena mpaka ujumbe uleule wa hitilafu namba 54 ukatokea kwenye skrini. Siri ilikuwa kasi. Mwendeshaji alikuwa na mazoea na kibodi. Alikosea herufi moja, akarudi juu, akaisahihisha na kuendelea upesi. Masahihisho yakimalizika ndani ya zile sekunde 8 hivi ambazo sumaku za mashine zilikuwa zinajipanga, programu haikuyatambua. Anayejaribu polepole, kwa uangalifu, hakuiona kamwe.

Kwa hiyo unapotaka kuonyesha tatizo, usijifanye mwanafunzi mwema. Bonyeza kwa kasi yako ya kila siku, kwa kidole kilekile, ukiwa na programu zilezile wazi nyuma.

Kabla ya kuzima na kuwasha

Ushauri wa kila mtu ni "zima uwashe". Mara nyingi husaidia, ila pia hufuta ushahidi. Ukisakinisha programu upya au ukifuta data yake, lile sharti unalolitafuta linaweza kuondoka pamoja nayo. Piga picha ya skrini kwanza, andika saa, ndipo uguse kitu. Kisha jaribu dawa moja baada ya nyingine: lazimisha programu kusimama, ujaribu, futa akiba yake ya muda (cache), ujaribu, kuisakinisha upya iwe ya mwisho. Ukizimeza zote kwa pamoja hutajua ipi iliyoponya.

Daftari lako halihitaji mapambo. Mstari mmoja kwa kila jaribio: saa, mtandao, nilichofanya kabla, matokeo. Na "sawa" ni matokeo pia, iandike.

"Nikiwa safarini inakataa, nikifika inakubali"

Mtu wa Nairobi huhama mitandao mara nyingi kwa siku bila kuhisi. Unatoka ofisini kwenye waifai, ukifika chini ya ngazi simu inahamia bando. Matatu inapanda Thika Road na simu inabadilisha mnara baada ya mnara. Stima ikipotea mtaani, ruta inazimika na simu inarukia data katikati ya ombi. Programu isiyoandikwa vizuri huendelea kungoja jibu kupitia njia iliyokwisha kufa, na wewe unatazama duara likizunguka.

Huna haja ya kungoja matatu ili kulijaribu hili. Anza kitendo ukiwa kwenye waifai, kisha izime kabla hakijakamilika. Rudia, safari hii ukiwasha hali ya ndegeni kwa sekunde chache na kuizima. Halafu jaribu mtandao dhaifu, ambao si sawa na mtandao uliokatika: kwenye mipangilio ya SIM, simu nyingi zinakuruhusu kushuka kutoka 4G hadi mtandao wa chini. Programu nyingi zimeandaliwa kwa kukatika. Kinachoziangusha ni mtandao unaojikokota. Na kama tatizo hutokea mkahawani tu, fungua kivinjari uone kama ile waifai inasubiri ukubali masharti yake. Simu itakuonyesha mawimbi yamejaa huku hakuna kinachopita.

Onyo moja hapa. Usirudie hitilafu ya malipo kwa pesa zako. Programu ikisema malipo yameshindikana, huenda yalipita na jibu pekee ndilo lililopotea njiani. Ukibonyeza tena umelipa mara mbili. Subiri ujumbe wa uthibitisho, angalia salio, nakili nambari ya muamala. Hiyo nambari peke yake humfikisha mtu wa upande wa pili mahali hasa palipoharibika.

"Mwanzo wa mwezi ilikuwa nzuri"

Hapa ndipo ninapoulizia tarehe kabla ya kitu kingine chochote. Kenya tunaandika siku kwanza, Marekani wanaandika mwezi kwanza. Programu iliyochanganya mipangilio hiyo miwili inaisoma 5/3 kuwa tarehe 3 Mei badala ya 5 Machi, na haioni kosa. Inapofika tarehe 13, hakuna mwezi wa kumi na tatu, kwa hiyo inakataa. Mtumiaji anaona programu iliyokuwa nzima ikiharibika katikati ya mwezi na kupona yenyewe mwezi ukiandama. Ukweli ni kwamba zile siku za mwanzo ndizo mbaya zaidi, maana hapo imehifadhi tarehe ya uongo bila kulalamika. Ukishuku jambo hili, rudi uangalie kumbukumbu zako za tarehe 1 hadi 12, si zile zilizokataliwa.

Saa nazo zina mtego wake. Nairobi iko saa tatu mbele ya UTC, saa ya kimataifa ya kulinganishia, mwaka mzima, na seva nyingi hutunza saa za UTC. Kuanzia saa sita usiku mpaka saa tisa usiku, kwa seva hizo bado ni jana. Duka linalofungwa saa tatu usiku haliwezi kukutana na tatizo hili. Duka la dawa la usiku kucha litakutana nalo kila siku, na usiku wa kuamkia tarehe mosi mauzo yake yataingia kwenye hesabu ya mwezi uliopita. Jaribio lake ni jepesi: ingiza rekodi isiyo na madhara saa saba usiku na nyingine saa kumi alfajiri, kisha linganisha tarehe zilizoandikwa.

Kama huduma yako inaendeshwa kutoka Uingereza, kumbuka wenzetu hao husogeza saa mwishoni mwa Machi na mwishoni mwa Oktoba, sisi hatusogezi. Taarifa iliyokuwa ikifika saa mbili asubuhi na ghafla inafika saa moja au saa tatu haijaharibika ovyo.

Msongamano wa mwisho wa mwezi, au wa siku za mwisho kabla ya 30 Juni watu wanapokimbilia kuwasilisha ritani za kodi, sitaueleza sana. Ukipata tovuti yoyote inakwama saa sita mchana na kukubali saa kumi na moja alfajiri, andika saa zote mbili, inatosha.

"Kwangu inakataa, kwa jirani inakubali"

Mwulize kwanza jina lake nani. Sitanii.

Majina kama Ng'ang'a, Wang'ombe na Nyong'o yana alama ambayo kompyuta inaijua kwa sura mbili: iliyonyooka na iliyopinda. Kibodi ya iPhone, isipobadilishwa mipangilio, huweka iliyopinda. Kibodi nyingi za Android huweka iliyonyooka. Word hupinda yenyewe bila kuulizwa. Kwa macho yako ni kitu kimoja, kwa programu ni herufi mbili tofauti. Mteja akisajiliwa kwa simu moja na kutafutwa kwa nyingine, haonekani. Afisa mmoja anaapa jina halimo, mwenzake wa meza ya pili anaapa limo, na wote wawili wanasema kweli. Ili kulithibitisha, nakili jina kutoka kwenye rekodi iliyopo na ulibandike kwenye kisanduku cha kutafutia. Likipatikana kwa kubandika na kukosekana kwa kuandika, umeshika mhalifu. Na kwenye ripoti libandike vilevile. Ukiliandika upya unaweza kuufuta ushahidi.

Ndugu yake ni nafasi tupu. Ukichagua barua pepe yako kutoka kwenye mapendekezo ya kibodi, kibodi huongeza nafasi mwishoni. Programu isiyojua kuikata itakuambia barua pepe si sahihi. Ukiiandika herufi kwa herufi inakubali. Hapo ndipo mtu huapa kwamba "kuingia kunategemea bahati".

Nambari za simu pia. Tangu 2019 kuna laini za Kenya zinazoanza na 010 na 011, na bado kuna fomu zilizoandikwa na mtu aliyeamini kila nambari huanza na 07. Jaribu 01, kisha nambari ileile kwa 254 mbele, kisha kwa alama ya kujumlisha, uandike ipi iliyopita.

Ikiwa majina na nambari hayana neno, linganisheni matoleo ya programu. Duka la programu la Google linamruhusu mtengenezaji kuachilia toleo jipya kwa asilimia fulani tu ya watumiaji, kwa hiyo simu mbili za aina moja juu ya meza moja zinaweza kuwa na matoleo mawili. Na hata namba za toleo zikilingana, kuna swichi zinazowashwa kutoka kwenye seva kwa akaunti fulani na si nyingine. Huwezi kuziona. Unachoweza kuandika ni hiki: toleo moja, simu moja, akaunti mbili, matokeo tofauti. Mwandishi wa programu ataelewa.

"Nikitoka kidogo nikirudi imesahau kila kitu"

Unajaza fomu ndefu, unatoka kusoma nambari ya uthibitisho kwenye ujumbe mfupi, unarudi, fomu tupu. Siku nyingine haifanyi hivyo. Simu yenye kumbukumbu ndogo huziua programu zilizo nyuma ili kupata nafasi, na kiokoa betri huharakisha mauaji hayo. Siku ambayo hukufungua kamera na ramani, nafasi ilitosha.

Kwenye Android unaweza kulifanya litokee kila mara. Fungua Mipangilio, nenda Kuhusu simu, bonyeza nambari ya muundo mara saba. Sehemu ya wasanidi programu itafunguka. Humo tafuta chaguo linaloiambia simu isihifadhi shughuli mara mtumiaji anapoondoka. Liwashe, rudia fomu, kisha ulizime. Ukisahau kulizima, programu nyingi zitaanza kupoteza kumbukumbu na utaripoti hitilafu ambazo umezitengeneza mwenyewe.

Nyingine kwa ufupi

Inaharibika ikikaa wazi muda mrefu: andika imekaa wazi kwa saa au siku ngapi. Windows 95 na 98 zilihesabu milisekunde tangu kompyuta iwashwe, na hesabu hiyo ilijaa baada ya siku 49.7, kompyuta ikaganda. Katika mtaa ambao stima hupotea kila wiki, hitilafu kama hiyo haina nafasi ya kuzaliwa.

Nambari za uthibitisho zinazobadilika kila sekunde 30 zinakataliwa mara kwa mara: angalia kama saa ya simu imewekwa kwa mkono. Dakika moja au mbili za kuchelewa zinatosha.

Inakataa mara moja kati ya tatu hata ufanye nini, kwa mtandao wowote, kwa simu yoyote: huenda nyuma kuna seva kadhaa na moja ni mgonjwa. Hapo acha kutafuta kosa lako. Hesabu tu, na utoe saa kamili za mara zilizokataa.

Kuiandika

Ripoti nzuri inaweza kuwa fupi hivi:

"Programu ya stoo, toleo 4.2.1, Android 13. Bidhaa mpya inapotea mtandao ukibadilika. Hatua: nafungua Ongeza Bidhaa nikiwa kwenye waifai, najaza jina na bei, nabonyeza Hifadhi, nazima waifai kabla duara halijaisha. Imetokea mara 6 kati ya 8. Nikiiacha waifai, 0 kati ya 8. Nilitarajia bidhaa ihifadhiwe au niambiwe imeshindikana. Badala yake inaandika 'Imehifadhiwa', na nikifungua orodha haimo. Mara ya mwisho: 14 Mei, 21:04 saa za Nairobi, yaani 18:04 UTC."

Tazama kilichokosekana: hakuna "nadhani seva yenu imejaa". Dhana si dhambi, lakini iweke mwishoni na uiite dhana. Maneno ya ujumbe wa hitilafu yanakiliwe jinsi yalivyo, hata kama Kiingereza chake kimepinda. Na saa iandikwe kwa tarakimu 24. "Saa tatu" kwa msomaji asiyejua saa zetu ni saa sita mbali na ulichokusudia, na atakwenda kupekua kumbukumbu za seva mahali ambapo hukuwepo.

Video ya skrini inashinda maelezo, hasa kwa tatizo la kasi. Programu za benki nyingi huzuia kurekodi skrini na utapata weusi mtupu; tumia simu ya pili. Kabla ya kutuma, ficha salio, nambari ya kitambulisho na majina ya watu wengine. PIN na nambari ya uthibitisho haziombwi na mtu yeyote wa haki. Ukilalamika hadharani mtandaoni, utashangaa jinsi "huduma kwa wateja" wanavyokuja mbio kwenye ujumbe wa faragha. Wengi ni matapeli, kwa hiyo tumia anwani iliyo ndani ya programu yenyewe. Faili kubwa ya ripoti ya hitilafu ambayo Android hutengeneza nayo ina mengi kukuhusu. Mpe mtengenezaji akiiomba, usiibandike mahali pa wazi.

Kuna hitilafu moja usiyopaswa kuirudia hata mara ya pili: ile inayokuonyesha taarifa za mtu mwingine. Simama hapo. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandaoni ya 2018 inaadhibu kuingia kusikoruhusiwa, na "nilikuwa najaribu tu kuirudia" si maneno ya kumwambia afisa wa upelelezi. Andika ulichoona, iripoti kwa kampuni kimyakimya, na wasipojali kuna KE-CIRT, kituo cha taifa cha kushughulikia matukio ya usalama wa mitandao, kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano.

Wakisema imetengenezwa

Hapa watu huharakisha. Tuseme hitilafu ilikuwa ikitokea mara moja kati ya kumi. Umepata toleo jipya, umejaribu mara kumi, hakuna kitu. Hata kama hawakugusa chochote, uwezekano wa kupata majaribio kumi safi ni takriban asilimia 35. Ukifika majaribio 30 uwezekano huo unashuka hadi kama asilimia 4. Ndiyo maana kuirudia kwa uhakika mapema kunaokoa jasho: hitilafu uliyojifunza kuiita mara 6 kati ya 8 inahitaji majaribio matatu tu kuifikisha chini ya asilimia 2.

Jaribu katika hali ileile iliyokuwa ikiiamsha, waifai ikizimwa katikati au saa saba usiku, kisha jibu kwenye ripoti ileile ya zamani badala ya kufungua mpya. Ikirudi, andika toleo jipya na hesabu mpya: mara ngapi kati ya ngapi.